Kitengo cha dharura cha watoto: nyota nne, ya tano nimewanyima mapokezi

Jabiri wangu alianguka mwembeni akapasuka paji la uso, tukakimbilia hospitali moja binafsi hapa Dar ambako daktari wa dharura kasomea pia saikolojia ya watoto. Nilidhani ni mbwembwe za matangazo.

Damu kwanza: alikandamiza jeraha kwa gozi, akammulika machoni, akauliza kama alizimia au alitapika. Kisha akachuchumaa wakatazamana. Mimi naropoka "haiumi mwanangu", akanikatisha kistaarabu: "Mama, tusimdanganye. Jabiri, sindano ya ganzi itachoma kidogo, baadaye nikishona utahisi navuta tu. Ulale au upakatwe na mama?" Akachagua kupakatwa. Hakuna aliyemshika miguu kwa nguvu kama tulivyozoea. Nesi alimpa kadi yenye sura, kuanzia inayocheka hadi inayolia, aonyeshe mwenyewe anaumwa kiasi gani.

Kilichonikosha zaidi ni karatasi ya kuondokea. Chini ya dalili za hatari za kichwa (kutapika mfululizo, usingizi usio wa kawaida, degedege) wameandika kwamba ndoto mbaya, kukojoa kitandani na kumng'ang'ania mzazi hutokea sana siku za mwanzo. Zikiendelea zaidi ya mwezi, mtoto arudishwe kwa ushauri.

Mapokezi sasa! Mtoto anavuja damu, dada anahangaika na kadi ya bima. Na bei imechangamka. Piga simu kwanza uulize zamu, maana daktari huyo ni mmoja tu.