Mtutu laini ama wa mifereji? Uzoefu wangu na shotigani ya kulungu

Nianze na jibu kabisa ndo wenye haraka wapande matatu zao waende. Kama bunduki ni ya kulungu peke yake na unawinda penye uwazi, chukua mtutu wa mifereji, yaani uliochongwa mistari inayopinda kwa ndani. Kama ni bunduki moja ya kazi zote na msitu wako ni kichaka tupu, mnyama unamuona akiwa karibu, mtutu laini, usio na mistari ndani, watosha kabisa na pesa zako zabaki mfukoni. Mimi mitutu yote miwili niko nayo so hapa simpigii mtu debe.

Kwa wasionijua, mimi mtoto wa Tudor, Mombasa, ila kazi iko Columbus, Ohio, kule Marekani, na huko ndo nilikoanzia haya mambo, manake hapa kwetu msijaribu wallahi, Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977 na KWS, wale askari wa wanyamapori, hawana mchezo, hata palahala wa Shimba Hills muangalieni kwa macho tu na simu. Ohio ni hadithi nyingine, kulungu wa mkia mweupe ni wengi mpaka wanagongwa na magari, na kila mwaka kuna wiki ya bunduki inayoanza Jumatatu baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya mwezi wa Novemba. Unafanya kozi, unakata leseni na kibali cha kulungu, unavaa kizibao cha rangi ya machungwa, na shotigani isiwe na risasi zaidi ya tatu. Na kama uko huko kwa visa ya muda tu, ndugu yangu, uliza kwanza kabla hujashika bunduki ya mtu, sheria ya wageni na silaha ni kali.

Raifo za kawaida haziruhusiwi kwa kulungu Ohio, ndo maana watu wanatumia shotigani na slagi, yaani badala ya ganda kujaa marisau, zile chembe ndogondogo za kupigia ndege, linakuwa na risasi moja nzito. Tangu 2014 wameruhusu pia raifo za ganda lililonyooka, yaani lisilobanwa shingoni, so utakutana na wazee watakwambia slagi zishapitwa na wakati. Waache. Shotigani bado inaangusha kulungu, na kesho yake inaenda kwa bata.

Yangu ni Mossberg 500 geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikipanda mtutu ni mwembamba zaidi), ile inayouzwa na mitutu miwili kwa boksi moja, mmoja laini wa inchi 28 na mwingine wa inchi 24 wenye mifereji. Kubadilisha ni rahisi, hakikisha kwanza haina kitu ndani, vuta nyuma, fungua kile kifuniko cha mbele, toa huu weka ule, chai haijapoa ushamaliza.

Sasa mtutu laini. Huu unalishwa slagi za aina ya Foster, zimekuwepo tangu 1931, risasi ya timbe, ile metali laini na nzito, mbele imejaa na nyuma tupu, na ule uzito wa mbele ndo unaoifanya iende kichwa mbele bila kupinduka. Ukiitazama utaona ina michirizi ubavuni na kila mtu atakwambia hiyo ndo inaizungusha, mimi siamini, kazi yake kubwa ni kuisaidia kujibana inapopita mdomoni kwa mtutu. Na hapo kwa mdomo kuwa makini, ile pete ya kubana (choke) inayofungwa mdomoni kwa mtutu weka iliyo wazi ama inayobana kidogo tu, usipigie slagi kwenye pete ya kubana kabisa. Kwa yadi 50, ambazo ni kama mita 45, risasi zangu zinakusanyika sehemu ya kufunikwa na kiganja. Moyo na mapafu ya kulungu ni shabaha ya kama sentimita 20, so hapo mnyama ni wako. Ukifika yadi 75 ndo unaanza kuhesabu pumzi, manake mtutu wenyewe hauna kitu cha kulengea ila ushanga mmoja pale mbele, na huo ushanga kwa umbali unamfunika mnyama nusu. Mtu akiniambia anapiga yadi 120 na ushanga na mtutu laini, nampa hongera na simwamini.

Mtutu wa mifereji ni mambo mengine. Ndani umechongwa mistari inayopinda, risasi ikipita inashikwa na kuzungushwa, na kitu kinachozunguka hakiyumbi, kama pia tulizokuwa tukirusha utotoni. Huu unataka slagi za sabo, risasi nyembamba iliyovalishwa plastiki, plastiki inashika mifereji, ikitoka nje inavuka na kuanguka, risasi inaendelea peke yake. Darubini imefungwa kwenye kipande kilichoungana na mtutu wenyewe, so ukiutoa na kuurudisha shabaha haihami sana, ila mimi lazima nipige moja mbili kabla ya msimu kuhakikisha. Huku yadi 100 sina wasiwasi nazo, na ukingoni mwa shamba la mahindi yaliyovunwa, pale kulungu anapotokea jioni upande wa pili, huo ndo utofauti wa kurudi na nyama ama kurudi na stori.

Lakini jamani sikilizeni, asilimia kubwa ya wanaolalamika kuhusu mitutu shida yao ni risasi. Sabo ndani ya mtutu laini ni pesa za kutupa, hakuna mifereji ya kuishika, haizunguki, plastiki inaweza kuvuka vibaya, na risasi inaenda inakotaka yenyewe. Kuna muuzaji mmoja alitaka kunipakia za sabo nikamwambia nataka za mtutu laini akasema hakuna shida, nikarudisha boksi rafuni. Foster ndani ya mtutu wa mifereji zinapigika, ila zinaacha timbe kwenye mifereji na usafi wake utakutoa jasho. Na marisau ya ndege usitie kabisa mle, yanazungushwa yakitoka yanatawanyika kama duara lililo tupu katikati, bata anapita hapo kati anakucheka. Hapo ndo mtutu laini unamshinda mwenzake, bata, bata mzinga, sungura, yote yake.

Bei sasa. Boksi la slagi ni tano tu, na za sabo bei yake ni mara mbili ama zaidi ya Foster, halafu chapa moja inaweza kupendana na mtutu wako nyingine isipendane, so inabidi ununue aina kadhaa ujaribu. Mfuko unaumia kabla kulungu hajaumia.

Wenzangu Waislamu wanaoniuliza kuhusu uhalali, mimi nasoma bismillah kabla ya kufyatua na kisu kiko kiunoni, nikimkuta bado yu hai namchinja. Ndo maana sipendi kubahatisha umbali, mnyama aliyejeruhiwa akakimbilia msituni gizani ni dhuluma kwake na tabu kwako. Hii peke yake ndo ilinifanya nihamie kwa mifereji nikiwa shambani, zaidi ya sifa za darubini.

Kitu kimoja sikipendi: teke la bunduki. Shotigani ya geji 12 na sabo kali ukipigia mezani kuweka shabaha, bega linakuuliza umelikosea nini. Mke wangu alipiga moja akanirudishia bunduki bila kusema neno. Tukamtafutia geji 20 yenye mtutu wa mifereji, nyepesi, teke lake la kiungwana, na kwa yadi 100 sioni kulungu akijua tofauti. Nikinunua tena leo kwa ajili ya kulungu tu, hata mimi naenda geji 20 na mifereji, ile 12 naiachia mtutu wake laini na bata.