Kompyuta ya gemu niliyofungiwa Kariakoo

Duka la kwanza, kule Posta, kijana alinionyesha mataa tu: "Braza, hii inacheza kila kitu." Nikamuuliza pawa saplai ni ya wati ngapi na ya kampuni gani. "Ni orijino." Nikaaga.

Kariakoo, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba kama za mnara, fundi alinivutia kiti akaandika kila kifaa kwa mkono: prosesa Ryzen 5 5600, kadi ya picha RTX 3060 ya GB 12, pawa saplai ya Corsair wati 650. Nikakaa nikimwangalia anavyofunga. Rami, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, alizipachika mbili za GB 8, tundu la pili na la nne. "Ukiweka moja ya 16 unajinyima kasi," akasema. Hapo ndipo nilipotoa hela.

Kasoro ipo. Keisi haina chujio la vumbi, na mimi nakaa Mbagala, barabara ya vumbi mlangoni. Waranti ni miezi sita tu. Wala hakuna aliyenikumbusha kununua UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Nilikumbushwa na umeme wenyewe, ulipokatika katikati ya mechi, dakika ya 88, nikiongoza.

Feni moja imeanza kulia. Nimempigia fundi, kasema niilete Jumamosi.