Jumamosi Nne na Tamthiliya za Kihistoria: Tathmini ya Darasa Nililohudhuria Lindi Mjini

Kwa Jumamosi nne mfululizo nimehudhuria darasa la tamthiliya linaloendeshwa na mwalimu mstaafu katika ukumbi mdogo hapa Lindi mjini, kwa ada ya shilingi 20,000 kwa kozi nzima. Naandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu wa fasihi, pamoja na wanafunzi ambao wamezoea kuzisoma tamthiliya za kihistoria kama orodha ya matukio ya kukariri.

Tulisoma kazi mbili: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, na Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare. Muda mwingi ulitumika katika ile ya kwanza, na ilistahili.

Mwalimu alianza kwa kututaka tumtenganishe Kinjeketile wa historia na Kinjeketile wa jukwaani. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji ya dawa wakiamini yatawakinga na risasi, alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza katika vilima vya Umatumbi, huku kwetu Kilwa. Wa jukwaani anaachwa hai mpaka anashuhudia watu wake wakipukutika mbele ya bunduki walizoamini kuwa zitatoa maji. Kwa nini mwandishi amwongezee maisha mtu aliyekwisha kufa? Swali hilo lilituchukua karibu saa nzima, na jibu tulilolifikia ni kwamba aliyekufa mapema hapati nafasi ya kukutana na matokeo ya neno lake mwenyewe, na pasipo kukutana huko hakuna mgogoro wa nafsi, ambao ndio unaoibeba tamthiliya nzima.

Kisha washiriki wawili waliigiza onyesho la gerezani, pale Kitunda, kiongozi mwenzake wa vita, anapomsihi Kinjeketile akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Mara ya kwanza, aliyeigiza Kinjeketile alifoka. Mwalimu alimsimamisha akamuuliza, "Saa hii unaogopa kupoteza nini?" Mara ya pili alisema polepole, karibu kwa kunong'ona, na ukumbi mzima ukanyamaza, kwa sababu hapo ndipo tulipoelewa kwamba kitanzi si hofu yake kubwa: anachohofia ni watoto wa kesho kuambiwa kwamba baba zao walipigania uongo. Kwa miaka mingi nimeandika ubaoni kwamba mhusika huyu ni jasiri, nikaishia hapo. Sasa naona kwamba sifa ya mhusika na msukumo wake ni mambo mawili, na kwamba nimekuwa nikifundisha moja tu.

Katika Juliasi Kaizari tulikaa zaidi kwenye uzungumzinafsia, yaani maneno ya mhusika anayejisemesha peke yake, wa Brutus, rafiki wa Kaizari mtawala wa Roma, usiku bustanini, anapokiri kwamba hana ugomvi wa binafsi na Kaizari, kisha anajishawishi kumuua kwa sababu ya vile anavyoweza kuja kuwa akivikwa taji. Kinaya kilielezwa vizuri: mtazamaji anajua majambia yanamsubiri Kaizari, ilhali mwenyewe anapuuza onyo la mtabiri.

Kasoro zipo. Nakala za vitabu hazikutosha, kiasi kwamba watu wanne tuligawana moja, na maelekezo ya jukwaani, yaani mwanga, sauti na maleba (mavazi ya waigizaji), yalipitiwa juu juu tu, jambo linalosikitisha kwa kuwa katika Kinjeketile mambo hayo yana uzito mkubwa. Kipindi cha mwisho, cha namna ya kujibu maswali ya mtihani, kiliharakishwa.

Hata hivyo, ada ile naiona ndogo kwa nilichokipata. Darasa linawafaa zaidi wanafunzi wa kidato cha tatu kwenda juu na walimu wao. Anayekusudia kujiunga aje na nakala yake mwenyewe, awe ameisoma Kinjeketile mpaka mwisho, na awe tayari kusimama mbele ya watu, kwani mwalimu huyu hamruhusu mtu kukaa pembeni akiandika tu.