Pakeji ya Ujerumani kwa laki nne na nusu: nyota mbili, na moja ni ya mama wa mapokezi

Nililipa shilingi 450,000 kabla sijatajiwa hata chuo kimoja. Hiyo ndiyo bei ya "pakeji ya Ujerumani" katika ofisi moja ya mawakala wa vyuo vya nje hapa Dar es Salaam, ghorofa ya nne, jengo ambalo lifti yake ilikuwa mbovu siku zote tatu nilizokwenda. Jina lao silitaji. Aliyewahi kuzipanda zile ngazi atawajua.

Mimi ni mhandisi wa umwagiliaji kwenye halmashauri moja mkoani Morogoro. Nilimaliza SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mwaka 2020, shahada ya miaka 4, GPA 3.6. Tangu hapo maisha yangu ni mabanio, mifereji inayojaa mchanga, na mikutano ya wakulima wa mpunga inayotangazwa saa tatu ikaanza saa sita. Nilitaka masta ya rasilimali za maji. Wenzangu wengi wa sekta ya maji wakisema nje wanamaanisha Delft, Uholanzi. Mimi nilivutwa na Ujerumani kwa sababu moja isiyo na mapambo: vyuo vingi vya umma kule havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni. Jimbo la Baden-Württemberg, ilipo Stuttgart, ndilo limekuwa likiwatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, lakini hata hiyo ukiilinganisha na ada za Uingereza unaona nafuu.

Mshauri niliyepangiwa alikuwa kijana mtanashati, anaongea vizuri, simu mbili mezani. Akaiangalia transkripti yangu kama dakika moja hivi. "Dada yangu, kwa GPA hii Ujerumani umeshapita. Ila kama una haraka, Cyprus na Malaysia barua unapata ndani ya wiki." Nikamwambia sina haraka, nataka Ujerumani. Akarudi kwenye Cyprus mara mbili zaidi kabla hatujaachana. Baadaye nilielewa. Wakala anaishi kwa kamisheni, na chuo kisichotoza ada kitamlipa kamisheni kutoka mfuko gani? Laki nne na nusu yangu ilikuwa ndiyo kamisheni yenyewe.

Wiki mbili baadaye nikaletewa wasifu na barua ya motisha walivyoniandikia. Karatasi nzuri, rangi ya bluu pembeni, picha yangu imekaa vizuri. Kwenye mstari wa elimu wameandika: alama ya mwisho, 3.6. Basi. Si "3.6 kati ya 5", ni 3.6 tupu.

Hapa niwaeleze vizuri, maana ndipo pesa yangu ilipopotelea. Alama za Ujerumani zinakwenda kinyume na zetu. Bora kabisa ni 1.0, na ya mwisho ya kufaulu ni 4.0. Mtu wa udahili kule akiona 3.6 tupu anamwona mwanafunzi aliyeponea tundu la sindano. Wakati huohuo, programu nyingi za masta zinataka 2.5 au bora zaidi ya hapo. Kuna fomula wanayoitumia kubadili alama za wageni, inaitwa fomula ya Bavaria: chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wenu, toa alama yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ile ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, ongeza 1. Kwa mfumo wetu wa 5, ambao kufaulu kunaanzia 2.0, kinachobaki ni hesabu ya darasa la tatu: toa GPA yako kwenye 6. Yangu ni 2.4. Mwenye 3.5 anapata 2.5 kamili, yuko mlangoni. Mwenye 3.4, ambayo kwetu ni daraja la pili la chini, anapata 2.6, na kwa programu zenye mpaka wa 2.5 tayari yuko nje, hata awe na barua ya motisha ya kumliza mtu. Hesabu hiyo ya sekunde kumi haikufanywa na mtu yeyote katika ile ofisi.

Nilipompigia mshauri kumuuliza, akasema, "Hiyo wao wenyewe watabadilisha, usiwe na wasiwasi." Kweli, wanabadilisha. Lakini barua ya motisha inayojisifu kwa 3.6 nani ataisoma mpaka mwisho?

Krediti nazo zilikuwa vilevile. Shahada ya miaka 3 ya Ulaya ina ECTS 180 (ECTS ndizo krediti za Ulaya), na masta nyingi za Ujerumani zinaanzia hapo. Mshauri akaona transkripti yangu ina 480, akasema nimezidi mara mbili na ushee. Sijazidi hivyo. Mwaka mmoja wa chuo kwetu ni krediti 120, kwao ni 60, kwa hiyo unagawanya kwa mbili: nina 240. Bado zinatosha, ila jumla siyo inayoangusha watu. Kinachoangusha ni mgawanyo wake. Programu moja niliyoipenda ilitaka ECTS 15 za hisabati na 10 za haidroliki na hidrolojia kwa pamoja, na haikutaka kusikia habari za GPA kabla ya hapo. Hili usome mwenyewe kwenye ukurasa wa programu, mstari kwa mstari, transkripti ikiwa pembeni.

Kwenye ankara ya pili niliyoletewa kulikuwa na shilingi 180,000 za "tafsiri ya vyeti kwa Kijerumani". Vyeti vyangu vyote, cha Form Four, cha Form Six na cha SUA, viko kwa Kiingereza, na programu zote tatu nilizoomba zinapokea Kiingereza. Nilikataa kulipa.

Siku hiyo kwenye kochi la kusubiria alikaa kijana wa Bujumbura, naye anatafuta masta, na ankara yake ina mstari uleule. Kwake ilikuwa halali: vyeti vyake ni vya Kifaransa, na alama zake ni kati ya 20. Tukapiga hesabu pamoja nyuma ya ankara. Ana 14, na kufaulu kwao ni 10, kwa hiyo anapata 2.8. Alinyamaza kidogo. Mshauri alikuwa amemwambia na yeye kwamba Ujerumani ameshapita.

Suala la Kiingereza ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Niliambiwa barua ya chuo inayosema nilifundishwa kwa Kiingereza inatosha. Kwa programu mbili ilitosha. Ya tatu ilitaka alama 6.5 za IELTS, mtihani wa Kiingereza, na nililigundua hilo mwenyewe wiki tano kabla ya dirisha kufungwa. Nikakimbilia British Council, nikalipa, nikafanya mtihani nikiwa nimetoka site na matope ya Kilombero bado kwenye viatu. Nikapata 7.0. Matokeo yanadumu miaka 2 tu, kwa hiyo msifanye mapema mno kwa mbwembwe.

Sasa mema yao. Mapokezi kuna mama mmoja, mtu mzima, miwani ya kamba. Wakati mshauri anahesabu nyota za Cyprus, yeye alichukua bahasha yangu akatandaza vyeti vyote mezani kama anayepanga karata. "Mwanangu, jina la baba yako hapa Form Four lina i mwishoni, kwenye pasipoti halina. Watakurudishia." Miaka kumi na zaidi nimekaa na vyeti vile sijaona. Akanielekeza kwa wakili wa jirani nikaapa kiapo cha majina, nikarudi na nakala zimegongwa muhuri kila ukurasa, maana muhuri wa ukurasa wa kwanza peke yake hautoshi. Akanifundisha pia kuomba transkripti mbili halisi chuoni badala ya moja. Kazi yake ilikuwa ya saa moja, na ningemlipa elfu hamsini kwa furaha.

Maombi yenyewe niliishia kuyatuma mwenyewe kupitia uni-assist, kituo kinachokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo vingi vya Ujerumani. Chuo cha kwanza ni euro 75, kila kinachofuata katika muhula huohuo ni 30. Vyuo vitatu, euro 135. Ofisi ilikuwa imenitajia dola 300. Barua ya motisha niliiandika upya, nikaanza na banio letu lililobomoka kwa mafuriko badala ya "tangu utotoni nimekuwa na shauku".

Na kuna jambo ambalo halikutajwa hata mara moja katika ngazi zote zile, nalo ni DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi wa nje. Wana ufadhili wa masta zinazohusu maendeleo, maji yakiwemo. Sharti lao ni uwe na angalau miaka 2 kazini baada ya shahada, na kwa kawaida isiwe imepita zaidi ya miaka 6 tangu uipate shahada yenyewe. Kwa mtu wa 2020 kama mimi, saa ilikuwa imeshaanza kulia. Ukipata huo ufadhili, huhangaiki na Sperrkonto, ile akaunti ambayo bila mfadhili lazima uweke euro 11,904 kabla ya viza, halafu unafunguliwa 992 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Mshauri wangu alisema ningeweza kuonyesha tu salio la benki la mjomba.

Matokeo: programu moja imenikataa kwa upungufu wa ECTS za hisabati, moja haijajibu, moja imenipa nafasi kwa muhula unaoanza Oktoba. Maombi ya ufadhili yako mezani kwao. Nilirudi ofisini kudai angalau nusu ya pesa, nikaonyeshwa kwenye risiti, kwa maandishi madogo, kwamba pakeji hairudishwi.

Kwa hiyo nyota mbili. Moja ya mama wa mapokezi. Ya pili ya kochi, maana kijana wa Bujumbura tunawasiliana mpaka leo. Vyeti vyake vimeshatafsiriwa, na juzi nilimtumia majina ya programu mbili zinazopokea hadi 3.0. Ameniuliza kama anaweza kuanza na euro 75 peke yake. Nimemwambia ndiyo, aanze na ile ambayo dirisha lake linafungwa kwanza.