“Madam, hapa si jikoni”: duka la uzi wa sufu lililonipandisha presha

Nianze na uamuzi ili asiye na muda aende zake: uzi mzuri, duka baya. Huenda nikaugeuza kabla sijamaliza kuandika, maana hasira haijashuka.

Sweta nilikuwa nimeifuma karibu yote. Uzi wake nilinunua kwa akina mama wanaosokota kwa mkono upande wa Nanyuki, sufu ya kondoo wa aina ya Corriedale, kijivu cha kuzaliwa nacho, haukutiwa rangi yoyote. Ukiufuma vidole vinabaki na mafuta ya kondoo, na hapa na pale unakuta kijiti cha nyasi kilichoponyoka wakati wa kuchambua. Hivyo vijiti mimi navipenda. Basi uzi ukakaribia kuniishia kwenye mkono wa kushoto, hata kiwiko sijafika. Anayefuma anajua uchungu wake.

Biashara Street uzi umejaa hadi mlangoni, lakini mwingi ni akriliki, uzi wa plastiki wa sweta za shule. Ndipo rafiki akanielekeza kwa duka moja hapa hapa Nairobi, ghorofani, rafu safi, madonge yamepangwa kwa rangi. Kibandiko kinasema sufu asilia, asilimia 100. Siku hizi nini si asilia? Hata sabuni ya unga ni asilia.

Kwa hiyo nikafanya ninachofanya kila mahali. Nikaomba kipande cha uzi, urefu wa kidole, nitoke nacho nje kwenye korido nikichome. Sufu huwaka kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto inazimika yenyewe na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka, kisha inaganda tone gumu jeusi. Kiberiti ninacho kwenye mkoba. Sikuomba punguzo, sikuomba chai.

Mwenye duka, mama wa makamo kama mimi, hakuinua macho kutoka kwenye simu. “Madam, hapa si jikoni.”

Vijana wake wawili wakacheka. Tena si cha chini chini, walicheka wakishikana mabega.

Nikameza. Nikauliza la pili, kwa adabu: “Sawa mama, huu umesokotwa nyuzi mbili pamoja ama ni mmoja?” Akasema, “Hesabu mwenyewe.”

Hilo si swali la kijinga! Uzi mmoja uliokazwa sana bila kuunganishwa na mwenzake huivuta sweta upande, mshono wa ubavuni ukahamia tumboni. Mtu anayeuza uzi, kazi yake yote ikiwa ni uzi, anakwambia uhesabu. Angekuwa anauza nyanya ningeelewa.

Nilinunua. Ndiyo, nilinunua, sweta ilikuwa na mkono mmoja na bei nilishapanda ngazi kuifuata. Nikafika nyumbani na kabla ya kuvua viatu nikawasha kiberiti. Moyoni naomba uyeyuke. Nilitaka tone gumu jeusi nilirudishe nikaliweke juu ya ile simu yake.

Ukanuka nywele. Majivu yakasagika kama unga. Sufu tupu.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Mtu mwenye mali safi namna hii, kiberiti kinamtishia nini? Angeniacha nichome, ningetoka pale nikimsifu hadi Githurai.

Na mali ni safi, lazima niseme. Ni nyuzi mbili (nilihesabu), unene unapanda na kushuka kidogo kama ulivyo uzi wowote wa mkono, haukatiki. Kijivu chake kimeelekea kwenye kahawia, hivyo nilifuma mistari miwili ya uzi wa Nanyuki uliobaki, miwili ya huu, nikipokezanisha ili mpaka usionekane. Nilipoosha kwa maji ya uvuguvugu bila kukamua, mishono ikavimba na kushikana, hata mimi siuoni ulipoanzia hadi nisimame juani. Kwa baridi ya Julai ya Limuru sijapata sweta kama hii. Nyota nne kati ya tano.

Lakini nikikumbuka wale vijana walivyoshikana mabega, mbili. Nyota mbili, na zote ni za kondoo.

Watu wananisimamisha kuniuliza uzi nilitoa wapi. Nawaambia Nanyuki. Ghorofani pale sipandi tena, hata nikiishiwa katikati ya shingo. Ila nataka kufuma kofia ya rangi ya maziwa na kwingine sijaiona, kwa hiyo nimemtuma binamu yangu Jumamosi. Nimemwambia alipe, asiulize kitu, na kiberiti nimembebesha.