Kanda 31 kwa Fundi Mmoja: Nyimbo Nilizozitumia Kuipima Kazi Yake

Mwezi uliopita nilipeleka kanda 31 za marehemu baba yangu kwa fundi mmoja wa Kariakoo anayehamisha sauti kutoka kwenye kaseti hadi kwenye flashi, na kwa kuwa najua wengi wana makasha kama hayo uvunguni mwa vitanda vyao, naona ni vyema nieleze nilichopata kwa fedha niliyolipa. Bei ilikuwa shilingi 3,000 kwa kila kanda, kazi ilichukua siku tisa, na majina ya nyimbo na bendi yaliandikwa kwa usahihi ambao sikuutarajia. Lakini kubwa katika kazi hii ni sauti, na sauti haipimwi kwa wimbo mmoja, kwa sababu kila aina ya muziki huficha udhaifu fulani na kuuanika mwingine. Kwa hiyo nilichagua nyimbo ninazozipenda kuliko zote, za mitindo mbalimbali, ambazo nimezisikia tangu utotoni kiasi cha kujua mahali mwimbaji anapovuta pumzi, nikakaa nazo jioni tatu.

Nilianza na "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, wimbo uliokuwa ukirudiwa kuliko wote nyumbani kwetu. Mbaraka alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa la solo kwa wakati mmoja. Alipata jina akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Japani mwaka 1970 kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, kisha akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Ninachokipenda katika wimbo huu ni jinsi gitaa linavyomsubiri amalize kulalamika ndipo lijibu, kama jirani mwenye adabu. Kwenye flashi, hata hivyo, kitu kilikuwa kimeharibika ambacho sikuweza kukitaja, nikazilaumu spika zangu. Mama, aliyekuwa akichagua mchele barazani, aliinua kichwa akasema, "Mwanangu, huyo anaimba kama anayekimbizwa. Mbaraka hakuwa na haraka hiyo."

Mama alikuwa sahihi. Utepe wa kaseti umekusudiwa kupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, na mashine ya zamani ambayo mota yake haijarekebishwa huweza kwenda mbio au kuchelewa. Ikienda mbio, sauti zote hupanda kwa pamoja, gitaa na mwimbaji vikabaki vimepatana, na msikilizaji asiyeuzoea wimbo hagundui chochote. Niliporudi dukani, fundi hakubisha. Aliweka kanda ya kupimia mbele ya macho yangu, akaikuta mashine moja kati ya zake mbili inakimbia, akairekebisha, na akazirudia kanda zote zilizopitia hapo bila kuniongezea hata senti. Kwa hilo namheshimu sana, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuandika haya kwa moyo mweupe.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na lilitokana na nia njema. Fundi alikuwa amezipitisha nyimbo zote kwenye programu ya kuondoa mvumo wa utepe, ule mlio wa "sss" unaosikika nyuma ya kila kaseti kongwe. Kwa masikio ya haraka, matokeo yanapendeza: kumetulia, kumekuwa safi. Nilipofika kwenye "Sina Makosa" ya Les Wanyika ndipo nilipoona gharama yake. Hawa ni wanamuziki waliojitenga na bendi ya Simba Wanyika jijini Nairobi mwaka 1978, wakiwemo wenye asili ya Tanzania, na wimbo wao huu umejengwa kwa vitu vichache mno: gitaa la besi linalotembea kwa kujiamini, gitaa la rithimu lisilochoka, na matoazi ya ngoma yanayogongwa kwa wepesi kama mtu anayehesabu moyoni. Sauti ya matoazi hayo imekaa juu kabisa, mahali pale pale unapokaa mvumo wa kanda, na programu haina njia ya kutenganisha kinachotakiwa na kisichotakiwa. Ilikuwa imeyafuta karibu yote. Mwimbaji alibaki akiimba kwamba hana makosa, lakini wimbo ulikuwa umepoteza uti wa mgongo.

Kwa Hukwe Zawose jambo hilo lilinisikitisha hata zaidi. Zawose, Mgogo aliyefanya kazi yake kubwa Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, alipiga zeze na ilimba, ala ya fito za chuma zilizopangwa juu ya ubao, na ilimba ya Kigogo hutengenezwa makusudi ili ivume: kwenye ubao wake hutobolewa tundu linalozibwa kwa utando wa buibui, ili kila ufito wa chuma unapobonyezwa kwa kidole gumba, utando nao utetemeke kwa mlio kama wa nyuki. Mlio huo ni sehemu ya noti yenyewe, na mtengenezaji huutafuta kwa subira hadi aupate. Programu iliuhesabu kuwa uchafu. Nilisikiliza ilimba iliyopigwa na mikono ya bingwa ikitoka laini kama kengele za simu, nikazima redio.

Kadhalika "Kijiti" ya Siti binti Saad, ambayo baba aliipata kwenye kanda iliyonakiliwa kutoka kwenye santuri. Siti, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, na santuri za wakati ule zilibeba takriban dakika tatu tu kila upande, hivyo mtunzi alilazimika kusema neno lake kwa ufupi. Katika dakika hizo tunasimuliwa habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, muuaji akatoroka, na lawama ya mahakama ikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja naye. Siuoni wimbo mwingine wa taarabu unaonikaba koo kama huu. Mikwaruzo ya santuri ni mingi, nakiri, lakini sauti ya Siti imepenya katikati yake kwa miaka yote hii, na ukiikwangua mikwaruzo unaikwangua na sauti. Nilimwomba fundi arudie kanda hizo bila kusafisha kitu chochote. Alishangaa, akaniambia wateja wengi hutaka kinyume chake, kisha akafanya. Tofauti iliyopatikana ni ya kuondoa pazia dirishani.

Nyimbo nyingine hazikuwa na taabu. Mlimani Park, yaani Sikinde, walitoka vizuri tangu mara ya kwanza. Katika "Neema" tarumbeta na saksafoni zinasikika kila moja mahali pake, na chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka kwa kucheza, lina nguvu ya kumwinua mtu kitini, jambo linalonikumbusha kwa nini Michael Enoch aliyeiongoza bendi hiyo aliitwa "Teacher". "Maria Salome" ya Saida Karoli, kanda ya mwaka 2001 ambayo ilinunuliwa ikiwa mpya, ni safi kabisa. Kihaya changu ni cha maneno machache, lakini ngoma na sauti yake nyembamba ya kupanda vinanifikisha Bukoba bila nauli. "Ndio Mzee" ya Professor Jay, ya mwaka huo huo, ina maneno yaliyo wazi kila silabi, na katika muziki wa kufokafoka sihitaji zaidi ya hapo.

Lipo jambo moja ambalo kila mteja anapaswa kulitaja kabla ya kulipa. Duka hili, usipowaambia, huhifadhi nyimbo kwa muundo wa MP3 uliobanwa sana ili flashi ndogo itoshe. Omba WAV, muundo usiobana sauti. Dakika moja ya sauti isiyobanwa huchukua takriban megabaiti 10, maana yake kanda ya dakika 60 ni megabaiti 600 hivi, na kanda zangu zote 31 zimeingia kwenye flashi ya gigabaiti 32 na nafasi ikabaki. Flashi hiyo haigharimu fedha ya kumzuia mtu. Omba pia wakurudishie kanda zenyewe katika makasha yake, kwani mbili za kwangu zilirudi zimebadilishana majalada.

Kwa jumla naipa huduma hii alama nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu kusafisha sauti kulifanywa bila mimi kuulizwa. Zimebaki kanda tisa za taarabu ya Mombasa, nyingi zikiwa za mwimbaji Zein l'Abdin na udi wake, ile ala ya nyuzi, ambazo nilizizuia makusudi hadi nijue mkono wa fundi. Nitazipeleka Jumatatu, na Mama amesema safari hii atakuja mwenyewe kusikiliza mashine kabla kanda ya kwanza haijaingizwa.