Uzoefu wangu: shelfu ya vitabu ya mninga niliyochongesha Keko

Kwa anayefikiria kuchongesha shelfu ya vitabu Dar es Salaam, naanza na kipimo, kwa sababu ndicho kilichoipendezesha yangu kuliko pambo lolote nililoweka baadaye: inchi 11 kwenda ndani. Mafundi wengi wa mtaa wa Keko wanaishi kwa makabati ya vyombo na meza za runinga. Ukiwatajia shelfu ya vitabu, futikamba inakwenda yenyewe kwenye kipimo cha kabati, inchi 16 hadi 18. Kitabu cha kawaida kinazama humo. Saizi ya A5, ambayo ndiyo ya riwaya na diwani zetu nyingi, ina upana wa sentimita 14.8, haifiki hata inchi 6. Kwenye ubao wa inchi 18 futi nzima inabaki tupu, na utupu huo haudumu: zinaingia chaja, risiti, dawa za mafua, kisha safu ya pili ya vitabu ambavyo hutaviona tena.

Fundi wangu alisita. "Dada, litakuwa jembamba hili, likisimama litayumba." Hoja yake ilikuwa ya kweli, maana nilitaka urefu wa futi 6 na nusu. Tukakubaliana lifungwe ukutani kwa vyuma vya pembe na skrubu ndefu, sehemu mbili juu na moja katikati. Kwenye nyumba yenye watoto hilo lisijadiliwe kabisa. Mtoto akiona rafu anapanda.

Mbao nilichagua mninga. Mtiki nao ulikuwepo na ungenipunguzia gharama, lakini nilitaka ile rangi ya kahawia yenye michirizi ya dhahabu. Mninga una sifa nyingine muhimu kwa hali ya hewa ya Pwani: ukikauka vizuri haujikunji wala haupanuki sana, hata masika unyevu ukiwa umejaa nyumba nzima. Lakini kagua kila ubao kabla haujapigwa randa. Kiini cha mninga ndicho kigumu kwa mchwa na wadudu wengine; ile sehemu nyeupe ya pembeni inabunguliwa kama mbao nyingine yoyote. Mwambie fundi aikate yote, usikubali ifichwe kwa rangi. Wangu aliikata mbele yangu bila kunung'unika, na hapo ndipo nilipomwamini.

Nililipa laki saba na nusu, usafiri wa kirikuu (kigari cha mizigo) na kazi ya kufunga ukutani vikiwemo. Shelfu ya MDF, yaani mbao za nyuzi za miti zilizoshindiliwa kwa gundi, ya ukubwa unaokaribia huo ingekuwa nafuu zaidi. Sikuichukua kwa sababu ya uzito. Mita moja ya vitabu inaweza kufika kilo 20 au 30, na rafu ndefu ya MDF hupinda katikati taratibu hadi inaonekana imechoka, ukaipambe vipi. Yangu ina upana wa futi 6 na nguzo katikati, hivyo hakuna ubao unaovuka futi 3 bila kushikiliwa. Hadi leo rafu zote zimenyooka.

Sasa kupanga, ambako ndiko nilikotumia muda mwingi na ndiko watu wanakoniuliza zaidi wakifika nyumbani.

Mwalimu wangu katika hili ni Lamu. Ukiingia kwenye makumbusho ya nyumba ya Kiswahili pale mji wa kale, kule ndani kabisa utaona ukuta wa zidaka: vishubaka vya chokaa vilivyochongwa safu kwa safu, mtindo wa nyumba za mawe za karne ya 18. Humo wenyeji walipanga vyombo vya kaure vilivyokuja na majahazi, na vitu vingine vya thamani vya nyumba, misahafu na vitabu vikiwemo. Nilisimama pale muda mrefu. Kila kidaka kina kitu chake, na kitu hicho kina nafasi ya kupumua. Jicho linakwenda kutoka kimoja hadi kingine bila kusukumwa. Watu wa pwani hii walijua kupanga rafu kabla picha za sebule za watu wengine hazijatufikia simuni, na mimi nilitaka shelfu yangu iwe na damu ya zile zidaka.

Kwa hiyo nilimwomba fundi asifanye rafu zote kimo kimoja. Ya chini ina inchi 14, inameza atlasi na mafaili ya A4 yaliyosimama. Zinazofuata zinapungua, na za juu zina inchi 10, zinatosha A5 na kubakiza nafasi ya kidole kuingia juu ya kitabu ukivute bila kuchana mgongo. Kisha sehemu tatu, kila moja rafu tofauti, nimeziwekea kizigeu ziwe vidaka vya kweli, vipana kama futi moja. Humo hakiingii kitabu cha kusimama. Kimoja kina chungu cha Wakisi kutoka Matema, kandokando ya Ziwa Nyasa, rangi ya maziwa na michoro ya kahawia. Kingine kina kikapu kidogo cha Iringa cha milulu. Cha tatu kina diwani moja tu, imegeuzwa jalada mbele.

Hiyo diwani ina sababu yake. Vitabu vyetu vingi vya mashairi na tamthilia ni vyembamba mno, mgongo hauna pa kuandika jina. Ukivisimamisha kati ya kamusi vinapotea, na mtu anaweza kukaa na shairi zuri nyumbani miaka kumi asiliguse. Vyangu vya aina hiyo nimevilaza, saba au nane kwa mrundo, na kimoja kinachukua zamu ya kukaa kidakani. Tangu nianze hivyo wageni wanakiokota, wanakifungua, wanasoma beti kwa sauti. Hili ndilo jambo linalonifurahisha kuliko yote kwenye shelfu hii.

Vilivyobaki vimepangwa kwa mada: fasihi, historia, dini, vya kazini, vya wanangu. Kupanga kwa rangi kunapendeza pichani, lakini mtu anayesoma hatafuti kitabu chekundu, anatafuta kitabu fulani. Nachofanya ni kuchezea rangi ndani ya mada, migongo ya giza ikae kwenye kona na ya mwanga katikati. Na vitabu vyote nimevivuta mbele hadi karibu na ukingo wa ubao. Mstari wa mbele unanyooka, na nyuma kunabaki upenyo wa hewa unaosaidia sana wakati wa masika, vinginevyo kuvu inaanzia kule usikokuona. Milango ya kioo niliikataa kwa sababu hiyohiyo, ingawa fundi aliisifia sana.

Vya kuzuia vitabu visianguke sikununua vyuma. Nilikwenda Mwenge kwenye vinyago nikachukua vipande viwili vya mpingo. Mpingo ni mzito, ukiutumbukiza majini unazama, hivyo kinyago cha ukubwa wa ngumi mbili kinashikilia safu nzima na bado ni pambo. Chagua chenye kitako kipana na bapa. Maua ya kwenye vyungu sikuweka hata moja, sitaki maji yamwagiliwe juu ya karatasi. Taa nimefunga ya mkanda yenye mwanga wa njano, chini ya ukingo wa mbele wa rafu mbili tu.

Upande wa huduma nina malalamiko mawili. Tarehe ya kukabidhiwa ilisogezwa zaidi ya mara moja, na kila mara mimi ndiye niliyepiga simu kuuliza. La pili ni vanishi. Niliomba isiyong'aa, ikaja inayong'aa, tena rafu ya chini ilikuwa haijakauka sawasawa. Ilibidi nisubiri na madirisha wazi kabla ya kuweka chochote, maana jalada likigusa vanishi mbichi linanata na kubanduka. Fundi alikuja nyumbani na msasa laini, akasugua sehemu za mbele na kupaka upya bila kudai nyongeza. Hilo lilinituliza, ila kazi ilipaswa kutoka Keko ikiwa imekamilika. Usimalizie malipo kabla hujapitisha kiganja kwenye kila ubao.

Naipa ofisi ya fundi huyu nyota nne kati ya tano. Nimeshatoa advansi ya shelfu ya pili, ya chumba cha watoto: kimo futi 3, rafu zilizoinama kidogo na kingo ndogo mbele ili vitabu vyote vikae jalada nje, maana mwanangu wa mwisho hajajua kusoma na huchagua kitabu kwa picha. Safari hii vanishi isiyong'aa imeandikwa kwenye risiti.